Sikio Hutangulia Jicho

Barabara ya Mombasa kwenda Malindi hupita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kwa kilomita nyingi. Abiria wa matatu huuona kama ukuta wa kijani, kisha wakarudi kwenye simu zao. Mimi pia niliuona hivyo kwa miaka, mpaka siku niliyoshuka Gede alfajiri na kumfuata mwongozaji mmoja, mzaliwa wa kijiji cha jirani, aliyevaa darubini kuukuu shingoni. Kufika saa nne nilikuwa nimekubali kwamba kutembea msituni ni ufundi, kama ulivyo useremala au kusuka makuti.

Ufundi wenyewe unaanzia mguuni. Njia imetandikwa majani makavu, na kila jani lina kelele zake. Mzee yule hakuinua mguu wa nyuma mpaka wa mbele umetulia. Hatua kumi, kisha anasimama. Nilimgonga mgongoni mara mbili kwa kutojua kuwa amesimama. Hakunikemea, alinigeukia tu akashika sikio lake.

Nikaanza kusikiliza. Kwenye vichaka kulitoka sauti ya majani kupigwa, pa-pa-pa, haraka haraka. "Sange," akanong'ona, "ametuona." Mnyama huyo hupiga mkia chini kumwambia adui kwamba kuvizia hakuna faida tena, kwani amekwisha kuonekana. Akatokeza: pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, na kiuno cha rangi ya dhahabu kana kwamba amekalia rangi mbichi. Sange wa namna hii makao yake ni misitu ya pwani ya Kenya tu. Nyuma yake alirukaruka kurumbiza mwenye kichwa cha rangi ya machungwa, akiokota wadudu waliofukuliwa. Bila mzee ningemwona mnyama mmoja na ndege mmoja, nisijue kwamba ni msafara.

Kurumbiza huyo ndiye mtihani wa kila mwanafunzi, maana huiga milio ya ndege wengine. Mgeni husikia tai, akatazama juu bure. Mzee husikiliza mpaka mwisho: mwigaji hadumu na wimbo mmoja, hurukia wa pili na wa tatu. Kwa hiyo mwongozaji hana haraka ya kutaja jina. Nilimwona akiacha milio minne ipite kabla ya kufungua kinywa.

Kisha kuna kusoma ardhi. Penye mchanga mweupe huota mirihi, miti mirefu inayopitisha mwanga. Hapo macho huelekezwa juu, kwa ndege kama chozi wa Amani na kwera wa Clarke. Mchanga ukigeuka kuwa udongo mwekundu, msitu hujifunga kuwa vichaka vizito, na mzee hushusha macho na sauti pia. Huku ndiko kwa bundi wa Sokoke, ndege wa sentimita kama 16 tu, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1965.

Pwani bundi ana jina baya; akilia juu ya paa, watu huanza kuhesabu wagonjwa wa mtaa. Mzee huyu humtafuta kwa makusudi. Alikuwa ameingia kabla ya mapambazuko kusikiliza milio ya mwisho ya usiku, akaweka alama kichwani, na sasa alirudi kupekua kichaka kimoja baada ya kingine, peke yake, huku mimi nikiambiwa nikae kimya njiani. Dakika arubaini zikapita. Aliporudi aliniita kwa kidole. Ndani ya matawi yaliyosongamana, chini kidogo ya kimo changu, walikaa wawili bega kwa bega, kama vipande vya gome vyenye macho.

Nilitaka kusogea. Akaniwekea mkono kifuani. Baada ya dakika chache akasema, "Tuwaache walale," tukarudi kinyumenyume. Hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Kumpata bundi kunahitaji sikio. Kumwacha kunahitaji tabia, hasa mbele ya mgeni aliyelipa na ambaye bado ana nafasi kwenye simu yake.

Njiani alinikumbusha habari ya kwera wa Clarke. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1913, lakini viota vyake havikupatikana hadi 2013, tena si humu bali kwenye bwawa la msimu huko Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki. Watu walimtafuta juu ya mirihi miaka 100, kumbe huzalia chini, kwenye ndago za majini. Mzee aliisimulia bila kucheka. Kwake ni onyo kwa kila anayedhani ameumaliza msitu.

Msomaji wa Kilifi, Mombasa au Malindi, msitu huu u mlangoni pako. Nenda kabla jua halijapanda, vaa nguo zisizong'aa, zima simu, na ulipie mwongozaji wa hapohapo bila kumpigia bei kama ya nyanya. Akisimama, simama. Asiposema neno, jua kwamba yuko kazini.