Mtihani Usio na Majibu: Tathmini ya Ukadiriaji wa Usahihi wa Modeli za Lugha

1. Shabaha

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali ambalo kwa juu juu ni la wataalamu wa kompyuta, lakini kwa undani wake ni letu sisi wanaisimu. Swali lenyewe ni hili: je, modeli iliyofunzwa kuainisha sentensi za Kiswahili yaweza kukadiriwa usahihi wake katika matini ambazo hakuna mtu aliyezisoma na kuziwekea majibu?

Swali hili halikunijia kutoka vitabuni. Katika semina moja mwanafunzi wa uzamili aliwasilisha kazi yake juu ya modeli inayogawa jumbe katika mafungu matatu: pongezi, malalamiko na taarifa za kawaida. Modeli hiyo ilifunzwa kwa barua za wasomaji magazetini, kisha ikapelekwa kwenye jumbe zilizoandikwa na wakazi wa Pwani. Mwanafunzi alitaja kiwango cha usahihi kilichopendeza. Alipoulizwa ni nani aliyezisahihisha jumbe hizo, alijibu kwa adabu: "Hakuna, mwalimu. Usahihi umekadiriwa kutokana na modeli yenyewe." Wenzake hawakushtuka. Mimi nilishtuka, lakini mshtuko si hoja. Yafaa basi tuipime njia hiyo kwa haki, tuone inasema nini na inanyamazia nini.

2. Haja ya ukadiriaji

Desturi ya taaluma hii ni kutenga sehemu ya data zenye majibu, kuificha modeli isiione wakati wa mafunzo, kisha kuitahini kwayo. Utaratibu huu ni mwema maadamu data za mtihani na zile za matumizi zatoka katika chungu kimoja. Mara nyingi sivyo ilivyo. Mwaka 2019 Benjamin Recht na wenzake walikusanya upya picha za kutahini modeli zilizokuwa zikipimwa kwa hazina ya ImageNet, wakijitahidi kufuata taratibu zile zile za awali. Hata hivyo usahihi wa modeli ulishuka kwa asilimia 11 hadi 14. Ikiwa hali ni hiyo palipofanywa juhudi ya kutobadilisha kitu, itakuwaje tutokapo gazetini na kuingia katika mazungumzo ya watu?

Kwa upande mwingine, kuweka majibu ni kazi ya jasho. Humtaka msomaji mjuzi, muda na malipo, na lugha zetu nyingi hazina fungu la fedha la kazi hiyo. Kwa hiyo wanaotafuta njia ya kukadiria bila majibu hawafanyi hivyo kwa uvivu. Haja yao ni ya kweli, na ni haja yetu pia.

3. Njia tatu

Njia ya kwanza ni kuiamini imani ya modeli. Kila inapotoa jibu, modeli hutoa pia uwezekano kwamba jibu hilo ni sahihi. Wastani wa namba hizo huchukuliwa kuwa kadirio la usahihi. Kasoro yake ilionyeshwa wazi mwaka 2017 na Chuan Guo na wenzake: mitandao ya kisasa yenye tabaka nyingi aghalabu hujiamini kupita kiasi. Walipendekeza dawa nyepesi, yaani kugawanya alama za modeli kwa namba moja kabla hazijageuzwa kuwa uwezekano. Dawa hiyo hufaa. Lakini namba yenyewe hupatikana kwa kutumia data zenye majibu, nazo ni za kule modeli ilikotoka, si za kule inakokwenda.

Njia ya pili ni ya kizingiti, nayo ilielezwa na Saurabh Garg na wenzake mwaka 2022. Kwa kutumia data zenye majibu, hutafutwa kiwango cha imani ambacho sehemu ya mifano iliyo juu yake hulingana na usahihi halisi. Kisha katika data zisizo na majibu huhesabiwa mifano mingapi imevuka kizingiti hicho. Njia hii ilitoa makadirio mazuri kuliko nyingi zilizoitangulia. Jambo la kusifiwa zaidi ni kwamba waandishi wenyewe walithibitisha kuwa, pasipo dhana yoyote juu ya jinsi data zilivyobadilika, kuujua usahihi ni kugumu sawasawa na kuipata modeli iliyo bora kupita zote. Kwa maneno mengine, kila njia ya namna hii inasimama juu ya dhana, itajwe isitajwe.

Njia ya tatu ni ya kulinganisha mashahidi. Modeli mbili au zaidi hufunzwa mbalimbali, na kiasi cha kutofautiana kwao huchukuliwa kuwa dalili ya kiasi cha kukosea kwao. Wazo hili lina mizizi ya zamani. Mwaka 1979 A. P. Dawid na A. M. Skene walionyesha jinsi ya kukadiria makosa ya waamuzi bila kuujua ukweli wenyewe. Mfano wao ulikuwa wa madaktari 5 wa nusukaputi waliotathmini wagonjwa 45. Lakini hesabu yao ilihitaji sharti moja: kwamba makosa ya mwamuzi mmoja hayafungamani na makosa ya mwenzake. Modeli mbili zilizonyweshwa magazeti yale yale zina sharti hilo? Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere.

4. Dhana iliyofichika

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Njia zote tatu huchukulia kwamba ugeni wa data utaonekana: kwamba modeli ikikutana na isilolijua, imani yake itashuka au wenzake watatofautiana nayo. Wakati mwingine ni kweli. Modeli ya Kiswahili Sanifu ikikutana na maneno ya Kimvita kama *mato* kwa maana ya macho, au *ndia* kwa maana ya njia, yaelekea itayumba, kwa sababu maumbo hayo si ya kawaida kwake. Kuyumba huko kutahesabiwa, na kadirio litashuka inavyostahili.

Lakini tutazame maneno mengine ya lahaja hiyo hiyo. Msemaji wa Kimvita asemapo *ndoo*, huenda anamwita mtu aje. Katika Kiswahili Sanifu ndoo ni chombo cha maji. *Tini* kwake ni chini. Katika Sanifu ni tunda. *Kuteka* kwake ni kucheka. Katika Sanifu ni kuchota maji au kutwaa kwa nguvu. Sikio la mwenyeji hutofautisha *t* ya meno iliyomo katika kitenzi cha kucheka na *t* ya ufizi iliyomo katika kile cha kuchota, ila tahajia ya kawaida haizitofautishi. Sasa mtu wa Mombasa aandikapo kwamba watoto wameteka sana, modeli iliyolelewa na magazeti haioni ugeni wowote. Inaona neno inalolijua vizuri, lenye kuandamana na habari za utekaji nyara, na yaelekea italiweka katika malalamiko kwa imani kubwa. Mwenzake aliyesoma magazeti yale yale atamuunga mkono. Kizingiti kitavukwa, mashahidi watakubaliana, kadirio litapanda, na furaha ya watoto itaandikwa kuwa msiba.

Hali hii si ya Pwani peke yake. Kijana wa Nairobi atajapo *mbao* katika Sheng, anataja shilingi ishirini; hataji ubao wa seremala. Hivyo basi tunapata aina mbili za ugeni: ugeni wa umbo, ambao mashine huuhisi, na ugeni wa maana uliovaa umbo la kawaida, ambao mashine haiuhisi. Njia za kukadiria bila majibu zinaupima ule wa kwanza. Lahaja za lugha moja, kwa kuwa ni ndugu wenye maumbo ya kushirikiana, zina wingi wa ule wa pili. Kwa sababu hiyo makadirio haya huwa ya kutiliwa shaka zaidi pale hasa ambapo tungedhani ni salama, yaani kati ya lahaja na lahaja ya lugha ile ile.

5. Nini kifanywe

Sisemi njia hizi zitupwe. Kadirio lisilo na majibu lafaa kutuonyesha mahali pa kuanzia kuchunguza, na likishuka ghafula ni onyo la kusikilizwa. Lisilofaa ni kuliandika katika tasnifu kana kwamba ni matokeo ya mtihani.

Pendekezo langu ni dogo. Jumbe 200 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu na kusahihishwa na watu hutoa kadirio ambalo, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, halitapotoka zaidi ya asilimia 7 hivi kwa kila upande. Jumbe 400 hupunguza upotokaji huo hadi asilimia 5 hivi. Kazi hiyo haishindi nguvu za idara yoyote. Ila sampuli igawanywe kwa lahaja. Tuseme sehemu moja tu kati ya kumi za jumbe 200 ni za Kimvita: tutakuwa na jumbe 20, na upotokaji utafika asilimia 22 kwa kila upande. Wastani wa jumla utameremeta, na wasemaji hao watabaki gizani.

Tena, msahihishaji awe mwenye lahaja hiyo. Mimi niliyekulia bara, pamoja na shahada niliyoifuata ng'ambo, ningelisoma *wameteka* kama ilivyolisoma mashine. Tungekubaliana, mimi nayo, na sote tungekosea.

6. Hitimisho

Wataalamu wa kompyuta wametuambia kwa uaminifu kwamba kadirio lao lasimama juu ya dhana. Kuitaja dhana hiyo ni kazi yao. Kuamua kama inasimama katika Kiswahili ni kazi yetu, kwa kuwa sisi ndio tunaodai kujua jinsi lahaja zinavyoachana na zinavyofanana. Yule mwanafunzi alirudi baadaye akaomba kujulishwa kwa wasomaji wawili wenyeji wa Mombasa. Nadhani hilo lilikuwa swali la kitaaluma bora kuliko lolote aliloliuliza mwaka ule.