Rimu Pana, Tairi Nyembamba: Kosa Lililoiponza Impreza Njema

Wasomaji walioiona ile Impreza WRX STI ya samawati, umbo la 2006 liitwalo Hawkeye, ikipita taratibu mbele ya halaiki jijini Nairobi, imeinama hata kidole kisipate njia baina ya tairi na madigadi, wanajua tayari ninalotaka kulizungumza. Na kwa kuwa wengi wao waliishangilia, nimeona ni wajibu kueleza kwa hoja na kwa hesabu kwa nini haikustahili kushangiliwa. Mwenyewe aliyavua magurudumu ya kiwanda, akatia rimu za inchi 19 zenye upana wa inchi 9.5 na ofseti ya 22, kisha akazivika tairi za 225/35. Uamuzi huo ni kosa, wala si kosa la ladha, ambalo kila mtu ana ruhusa nalo, bali ni kosa la ufundi. Na gari liendalo kazini kila siku, na mara kwa mara likateremka hadi Mombasa, halikustahili kutendewa hivyo.

Insafu yataka niseme kwamba injini imefungwa upya kwa ustadi, breki ni nzima, na rangi imepigwa na mtu aijuaye kazi yake.

Sasa turejee kwenye magurudumu. Subaru walipoitoa STI ya umbo hilo kwa soko la Japani, ambako ndiko zitokako nyingi tulizo nazo huku, waliipa rimu ya inchi 17 kwa upana wa inchi 8, ofseti 53, nati tano kwenye duara la milimita 114.3, na tairi ya 235/45. Hizo si tarakimu zilizookotwa njiani. Duara la nati lilikuwa milimita 100 katika matoleo ya mwanzo, likapanuliwa pale habu ilipoimarishwa. Na inchi 17 ndicho kipimo kinachoziachia nafasi breki za Brembo, ambazo diski zake za mbele zina kipenyo cha milimita 326, bila ya kulipunguza bure jambo ambalo dereva wa barabara zetu analihitaji kuliko uzuri wowote, yaani ubavu wa tairi.

Tupige hesabu, maana watetezi wa gari lile nao wamepiga yao. Wao husema kwamba kimo cha gurudumu hakikubadilika, na hapo wamesema kweli: tairi ya 235/45 juu ya inchi 17 ina kimo cha takriban milimita 643, na 225/35 juu ya inchi 19 ina milimita 640, kwa hiyo kipimamwendo hakidanganyi na gia hazikurefuka. Lakini kimo kilekile kimegawanywa mgawanyo mwingine. Ubavu wa tairi ya kiwanda ni milimita 106 hivi. Ubavu wa hii mpya ni 79. Milimita 27 za mpira na upepo, robo nzima ya kinga iliyokuwa kati ya chuma na shimo, zimetolewa, na mahali pake pakatiwa chuma zaidi.

Lau kosa lingekomea hapo, ningaliandika mistari miwili nikanyamaza, kwani wako watu wenye busara wanaotumia inchi 19 kwenye lami nyoofu na wakaishi kwa amani. Lililonitia uchungu ni upana. Inchi 9.5 ni milimita 241. Tairi iliyovikwa juu yake ina upana wa 225, na kipimo hicho cha tairi hukubaliwa na watengenezaji kwa rimu za kuanzia inchi 7.5 hadi 9, si zaidi. Maana yake ni kwamba rimu imeipita tairi kwa upana, tairi ikavutwa huku na huku mpaka mbavu zake zikalala kimshazari, na mdomo wa rimu ukabaki wazi nje ya mpira. Na tazama matokeo yake: mtu ametumia fedha nyingi kupanua gurudumu kwa inchi moja na nusu, ilhali mpira ushikao barabara umepungua kutoka 235 hadi 225. Ni sawa na kuunda jahazi pana kisha ukalitweka tanga la ngalawa.

Fikirini linalotokea pale gurudumu la namna hiyo linapokutana na shimo lenye ncha kali, kama yale yachimbikayo pembeni mwa lami baada ya masika, au na tuta lisilo na alama usiku. Tairi ya kawaida huanza kujikunja. Ubavu wake hufura, upepo uliomo hubanwa na kupokea sehemu ya pigo, ndipo linalosalia likapelekwa kwenye springi na shokapu. Tairi iliyovutwa haina cha kukunja, kwa kuwa ubavu wake umekwisha tanuliwa kabla gari halijaondoka nyumbani. Basi pigo hupita moja kwa moja hadi kwenye mdomo wa rimu, nao ukapinda au ukapasuka, na tairi yenyewe ikabanwa baina ya chuma na ukingo wa shimo, nyuzi zake zikakatika ndani kwa ndani hata ikatoka nundu. Fauka ya hayo, ukingo wa tairi ukaao ndani ya rimu hushikiliwa na upepo pamoja na umbo la mbavu. Upepo ukipungua kidogo, na mbavu zimelala, kona moja ya haraka yatosha kuung'oa ukingo huo mahali pake. Mwenye kuliita hilo jambo la mtindo tu na atafakari kwamba gari hilo lina uwezo wa kupita kilomita 200 kwa saa.

Uzito nao una hoja yake. Tairi ya 235/45 ya inchi 17 kwa kawaida hubeba alama ya 94, yaani kilo 670 kila moja. 225/35 ya inchi 19 hubeba alama ya 88, yaani kilo 560, tena kwa sharti la kujazwa upepo mwingi, maana ni tairi ya aina ya XL. Gari lenyewe, likiwa na uzito wa takriban tani moja na nusu, halivuki mpaka huo likiwa limesimama. Lakini tairi hazijengwi kwa ajili ya gari lililosimama. Akiba ya kilo 110 kwa kila pembe ndiyo inayotumika mtu anapofunga breki akiwa na abiria wanne na mizigo, mteremko umemkabili, na gurudumu la mbele limetumbukia shimoni.

Kisha ofseti, ambayo mafundi wetu wengi huitaja kama jambo la kulisogeza gurudumu nje lipendeze. Kutoka 53 hadi 22 ni milimita 31, na huo ndio umbali ambao kitovu cha tairi kimesukumwa mbali na habu. Ukiongeza upana wa rimu, mdomo wa nje umetokeza kwa milimita 50 kuliko ule wa kiwanda. Beringi iliyoundwa kubeba mzigo uliokaribiana nayo sasa yaubeba kwa mbali, kama wenzo uliorefushwa. Usukani, ambao wahandisi waliupima ili nguvu za barabara zipite karibu na mhimili wa kugeukia, sasa huvutwa na kila ufa wa lami, na ukifunga breki upande mmoja ukiwa na mchanga, gari hulitafuta bonde. Ili magurudumu hayo yaingie chini ya madigadi ilibidi yalazwe, na magurudumu yaliyolazwa hula tairi kwa ndani, upande ambao mwenye gari hauoni mpaka nyuzi zitokeze.

Nimekwisha andika mara nyingi, nami sitachoka, juu ya rimu za kuigiza. Mwaka 1996 kampuni ya Rays ya Japani ilitoa Volk Racing TE37, rimu ya kufuliwa, na tarakimu 37 katika jina lake ni ya kilo 3.7, uzito wa ile ya inchi 15 kwa upana wa 6. Uzito ndio uliokuwa fahari ya kitu hicho, kwani kila kilo ipunguzwayo kwenye gurudumu ni kilo ambayo shokapu haina haja ya kuituliza na breki hazina haja ya kuizuia. Leo umbo lake la matawi sita limejaa madukani, limesubiwa kwa kumimina madini katika kalibu, zito, lisilo na nguvu ya lile la asili, na aghalabu limechapwa alama za JWL na VIA ambazo Wajapani waliziweka ziwe shahada ya kipimo. Anayenunua umbo akaacha uzito na uimara amenunua kivuli. Rimu za gari tunalolizungumza ni za kusubu; na inchi 19 za kusubu, kwa upana wa 9.5, ni mzigo ambao springi za STI hazikuagiziwa.

Nawakumbuka waliotangulia, nao hawakuhitaji haya yote. Patrick Njiru alikimbia Safari Rally ya 1993 katika Subaru Vivio, kigari cha sentimita za ujazo 660, akafika mwisho pale ambapo wenye injini kubwa walikwama. Mwaka uliofuata akashika nafasi ya nne kwa Impreza, nyuma ya Ian Duncan aliyeshinda. Colin McRae, bingwa wa dunia wa 1995 katika Impreza ya samawati yenye rimu za dhahabu, alikuja kuishinda Safari mwaka 1997. Vijana wameichukua rangi yake, wakaiacha hekima yake. Hata sasa, tangu Safari irejee katika mashindano ya dunia mwaka 2021, magari yanayopita vumbi la Naivasha huvaa rimu za inchi 15, na yale yale yakipelekwa kwenye lami ya Ulaya huvishwa za inchi 18. Mabingwa hawamwulizi mpiga picha ukubwa wa rimu, huiuliza barabara.

Je, ingefaa nini? Kwanza huchaguliwa tairi, na rimu hufuata. Mwenye gari na ajiulize anapita wapi, mvua ni nyingi kiasi gani, na ni tairi gani ya kipimo hicho atakayoipata tena ikiharibika moja. Kwani Impreza huvuta kwa magurudumu yote manne, na tairi moja mpya yenye mzingo uliohitilafiana na tatu kuukuu huitesa difu ya kati kila kilomita. Asome tarakimu nne ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka, asije akauziwa mpira ulioiva ghalani. Akiisha kuipata tairi nzuri ya 235/45, aitafutie rimu ya inchi 17 kwa upana wa 8.5 na ofseti ya karibu 48, ambayo hutokeza nje kwa milimita 11 tu na ndani haizidi milimita mbili. Na kama hana budi kuwa na inchi 18, basi 235/40 humwachia ubavu wa milimita 94 na kimo kisichobadilika. Tundu la katikati liwe la milimita 56.1 au lifungwe pete imara ilifikishe hapo, ili gurudumu likae juu ya habu lisining'inie kwenye nati. Spesa za bei rahisi zibaki dukani.

Gari lile bado laweza kuponywa, kwa kuwa hakuna kilichokatwa kisichorudishika. Mwenyewe na aziuze rimu zile kwa mtu ambaye gari lake ni la maonyesho, ayarudishe magurudumu yasimame wima, na anunue tairi kabla ya kitu kingine chochote. Na wewe msomaji uliyetenga fedha ya rimu mwezi huu, igawe kwanza: sehemu kubwa ipe tairi nne zinazofanana, na kinachosalia ndicho cha rimu.