Sentimita Chache kwa Pesa ya Mboga

Pikapu kuukuu hailegei kwa siku moja. Hilux iliyobeba vitunguu kutoka Mang'ola hadi Karatu msimu baada ya msimu, na magunia yenyewe ya lumbesa, hukaa chini nyuma kidogo kidogo mpaka pleti za springi zimenyooka kama rula na kila korongo linagonga chesisi. Hapo mwenye gari ana njia mbili. Moja ni kununua seti nzima ya Old Man Emu ya Australia, springi na shokapu zake, kitu kizuri ambacho sina la kukilaumu isipokuwa bei. Nyingine ni kwenda kwa fundi springi. Mimi ni mpenzi wa hii ya pili, na si kwa sababu ya mfuko peke yake. Seti ya dukani imeshafikiriwa na watu wengine. Hapa kila kitu lazima kifikiriwe upya, juu ya gari hili, lenye uchovu wake hili.

Fundi mzuri haanzi na spana. Huzunguka gari na futi, akipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, kwa kuwa gari lililozeeka halilali sawa. Kisha hulegeza yuboliti, hushusha springi, hutoa boliti ya kati, na pleti zinatawanyika sakafuni. Kazi ninayoisifu inaanzia hapo. Anachora kwa chaki kwenye saruji upinde anaoutaka. Analaza pleti juu ya vipande viwili vya reli vilivyoachana kidogo, halafu nyundo inashuka kwenye pengo: pigo, sogeza, pigo, sogeza, ncha hadi ncha. Anairudisha pleti kwenye chaki. Bado. Anaanza tena.

Hakuna moto. Moto ungeikunja pleti kwa dakika chache tu, lakini chuma cha springi kilipata ukakamavu wake kiwandani kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo. Ukikitia kwenye makaa ya gereji kisha ukakiacha kipoe chenyewe, unabaki na chuma laini kitakacholala tena kabla mvua hazijaisha. Wahunzi wanaofua panga kwa springi za malori hawahitaji kuambiwa hilo. Panga lisilopozwa vizuri halishiki makali.

Zilizopo zisipotosha, fundi huongeza pleti moja kutoka kwenye rundo la springi chakavu. Si yoyote tu. Upana uwe ule ule, na upinde wake uzidi kidogo wa zile zilizo juu yake, ili boliti ya kati ikikazwa zote zivutane. Tazama springi kabla haijakazwa: utaona mwanga ukipita kati ya pleti na pleti. Mwanga ule ndio ujuzi wenyewe. Ukikosekana, pleti mpya inasindikiza wenzake tu. Ukizidi, gari likiwa tupu litawarusha abiria mpaka wagonge paa.

Shakeli ndefu, kile kiungo kinachoshika ncha moja ya springi kwenye chesisi, ni njia rahisi kuliko zote za kuinua gari, ila ina ujanja. Irefushe kwa sentimita 5, gari litapanda 2.5 tu, maana ni ncha moja ya springi iliyosogea. Kipande cha chuma kati ya springi na ekseli huinua kwa kimo chake chote, nami nakivumilia nyuma. Kwa gari lenye springi za pleti hata mbele, huko mbele sikitaki kabisa.

Hilux nyingi za 4x4 za miaka ya 1990 zina tosheni baa mbele, chuma kirefu kinachofanya kazi kwa kusokotwa. Kuinua ni kuzungusha nati, bure kabisa, na ubure huo ndio mtego. Kadiri unavyozungusha, gurudumu linakosa nafasi ya kushuka, jointi za ekseli zinafanya kazi kwa pembe kali, mipira yake inachanika na grisi inatapakaa. Sentimita 3 au 4, basi, kisha gari lipelekwe kufanyiwa alaimenti.

Lakini fundi mimi nampima kwenye breki. Nyuma ya Hilux nyingi za enzi hizo kuna valvu iliyounganishwa na ekseli kwa kijiti. Hujua uzito wa mzigo kwa jinsi gari lilivyolala: likishuka, breki za nyuma huongezewa nguvu, likipanda, hupunguziwa. Ukiinua gari, valvu hudhani umeteremsha magunia yote. Hebu fikiria gari hilo limejaa vitunguu, linashuka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu. Dawa yake ni kipande cha bapa chenye matundu mawili, kuinua mguu wa kijiti kwa kipimo kile kile. Chuma chenyewe huokotwa chini ya meza ya gereji. Anayekumbuka kukiweka bila kuambiwa, huyo nampa gari langu na funguo zake.

Vijana wa mjini hutaka sentimita 10 ili difu isiguse mawe. Difu haipandi kwa springi, iko kwenye ekseli, na ekseli iko juu ya matairi. Tairi likizidi kimo kwa sentimita 5, difu inapata 2.5. Springi inainua chesisi, tangi la mafuta na bomba la moshi, na kutoa nafasi ya tairi hilo kubwa. Inatosha.

Boliti za shakeli hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo bushi za mpira zinajinyonga na kupasuka. Mteja huambiwa arudi baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, yuboliti zikazwe upya, kwani pleti zikishabebeshwa hujipanga. Wengi hawarudi, na ndio hao utakaowakuta kando ya barabara wakiwalaumu mafundi.