Fumba, Malazi ya Safari

Mvuvi anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na kwao, hachukui kitanda. Ndani ya mashua mna nafasi ya nyavu, madema, dumu la maji, sufuria na unga; inayobaki ni ya watu kujibana. Akifika ufukweni atasimamisha kibanda cha makuti, na huenda akakaa hapo bamvua hata bamvua kabla ya kurejea kwao. Wavuvi wa Kojani, kisiwa kidogo kilicho mashariki ya Pemba, wanajulikana mwambao mzima kwa safari za namna hii. Malazi ya mtu kama huyo lazima yawe mepesi, yakunjike, yasimfilisi, na yastahimili chumvi.

Haja hiyo ilitimizwa zamani, na waliotimiza ni wanawake wasusi. Walichukua mkeka, wakaukunja katikati, wakaushona kingo na kuacha uwazi wa kuingilia. Likawa fumba. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na ambaye kaburi lake limo ndani ya kanisa la Mkunazini, aliliorodhesha katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichochapishwa mwaka 1870, akalieleza kuwa ni mfuko wa mkeka wa kulalia. Maana yake ni kwamba watu wa visiwa hivi walikuwa wakilala ndani ya mifuko yao ya safari kabla maduka ya Ulaya na Marekani hayajaanza kujaa mifuko ya kulalia ya kila rangi.

Siku hizi mpenda matembezi anayetaka kulala nje majira ya joto huko ng'ambo hushauriwa kununua mfuko mwepesi uliojazwa manyoya mororo ya bata au bata bukini. Ushauri huo ni sahihi kwa nchi zake. Manyoya hayo hunasa hewa ndani yake na kuizuia isitembee, na hewa iliyotulia ndiyo inayolinda joto la mwili. Mfuko mzuri wa kiangazi hauzidi kilo moja, na bei yake huweza kufika mamia ya dola. Mpanda Kilimanjaro anayelala kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, hana budi kuwa na mfuko mzito kuliko huo, na ndiyo maana huko Moshi hukodishwa kwa wageni.

Lakini usiku wa Unguja una mambo yake. Hata wakati wa Kusi, miezi ya Juni hadi Agosti, ni nadra kipimajoto kushuka chini ya nyuzi 20. Na wakati wa Kaskazi, Januari na Februari, mtu hutafuta upepo kwa kila dirisha. Anayelala nje hapa hasumbuliwi na baridi. Anasumbuliwa na mbu, na mchanga unaoingia masikioni, na visumbufu vitambaavyo, na umande wa alfajiri, na unyevu unaopanda kutoka ardhini. Manyoya ya bata yakilowa hushikana na kunywea, yakapoteza kazi yake yote. Na hewa ya bahari hailoweshi kwa siku moja, inalowesha kila siku. Mfuko wa manyoya ufukweni Nungwi mwezi wa Februari ni adhabu.

Fumba lilikata shauri jingine. Halihifadhi joto, linalipitisha. Ukindu, yaani majani yanayosukiwa mkeka, hupumua: hewa hupita kati ya nyuzi zake, ilhali mchanga hubaki nje, na ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, ukisukwa kwa kubana haumwachii mbu pa kupenya kirahisi. Chini ya mgongo kuna tabaka la mkeka, juu ya kifua kuna tabaka jingine, na mwili uko katikati, umefunikwa bila kuelemewa. (Kinga ya malaria ni chandarua chenye dawa, na hakuna mkeka unaoweza kuchukua nafasi yake, lakini chandarua kinahitaji pa kutundika, na ufukweni hapapatikani kila mara.) Kukipambazuka mwenyewe huligeuza, hulikung'uta, hulianika juu ya ngalawa, kisha hulikunja na kulitia kwapani.

Uzuri wa kitu hiki haueleweki mpaka mtu afuate kazi yake tangu mwanzo.

Kazi huanzia kwenye mkindu, mti wa jamii ya mtende upendao ardhi yenye maji. Katika msitu wa Jozani, ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, mikindu huota mahali ambapo maji ya chini ya ardhi yako karibu na mizizi. Linalotakiwa ni kuti changa la katikati, kabla halijafunguka, kwa kuwa likishachanua huwa gumu na lenye madoa. Huchanwa na kuanikwa juani mpaka kijani chake kitoke, ubaki weupe uliopauka. Ukindu unaotakiwa kuwa na rangi hutokoswa ndani ya sufuria pamoja na rangi ya unga ya dukani: nyekundu, zambarau, kijani kibichi. Kisha kila jani hupasuliwa tena, kwa ukucha au kwa ncha ya sindano, mpaka upatikane upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapa ndipo msusi hodari anapoanza kujitenga na wengine. Nyuzi zikiwa na upana tofauti, hata aliyejaaliwa vidole vyepesi atatoa ukili uliopinda.

Ukili husukwa mshazari. Nyuzi hupishana kwa pembe, moja juu, moja chini, zikirudi kingoni na kuingia tena, na utepe unaozaliwa huwa na upana wa vidole kadhaa na urefu wa pima nyingi. Mshazari huo ndio unaoufanya mkeka ukubali kukunjwa kila siku bila kuvunjika, kwa sababu mkunjo hauuangukii uzi mmoja. Ukindu hunyunyiziwa maji kidogo ili usikatike, na ukili unaokua huzungushwa na kuwekwa pembeni hadi kesho. Katika vijiji vya pwani ya mashariki, Paje, Jambiani na Bwejuu, ambako kilimo cha mwani kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, saa za mwanamke hugawanywa na maji: yakipwa sana anashuka mashambani baharini, na siku za maji mafu ukili hupata nafasi yake barazani, mikono ikienda na mazungumzo yakiendelea.

Baada ya kusuka huja kushona, na kushona ni elimu ya pekee. Mshonaji hulaza ukili ubavu kwa ubavu na kuunganisha kingo kwa uzi wa ukindu uleule, akiupitisha ndani ya mapindo ya kingo hadi mshono umezwe. Kama ukili una nakshi, rangi zake lazima zikutane safu kwa safu, jambo ambalo msusi alilipigia hesabu siku nyingi nyuma, alipokuwa akisuka utepe mmoja usioonyesha bado picha nzima. Hakuna karatasi inayochorwa. Hesabu yote imo kichwani, na kuiita kazi ya kupitisha wakati ni kumkosea adabu anayeifanya.

Ufundi huu umebeba zaidi ya usingizi. Mtepe, chombo cha kale cha mwambao ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari, kilikwenda kwa tanga la mkeka. Mfano wa mtepe wenye ukubwa kamili uliwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Msusi aliyeaminiwa kukamata upepo wa bahari kuu hakushindwa kumtengenezea baharia malazi.

Na kwa mto wa kulalia, kisiwa kina ulaini wake. Msufi hupasua matunda yake na kutoa usufi, nyuzi fupi zenye uwazi ndani na nta kwa nje, nyepesi kiasi cha kupeperushwa na pumzi. Sifa hizo ndizo zilizofanya usufi ujazwe katika maboya ya kujiokolea ya mabaharia wakati wa Vita Kuu ya Pili, na hata mifuko ya kulalia ya nchi za baridi iliwahi kujazwa usufi kwa walioshindwa bei ya manyoya. Mto mdogo wa usufi ndani ya fumba unamkamilishia msafiri malazi yake yote kwa mimea iliyoota kisiwani.

Leo mteja anayepita soko la Darajani atakutana na mikeka, misala, vikapu na vipepeo. Fumba ni la kuagiza. Mkeka wa plastiki umeingia kila nyumba kwa sababu ni rahisi na hufuliwa kwa maji ya bomba, na hilo ni jambo la kweli kwa mwenye familia kubwa. Hata hivyo plastiki hutoa jasho mgongoni, na ikiachwa juani muda mrefu hukauka na kumeguka vipande ambavyo havitaoza. Upande wa ukindu, tatizo ni mkindu wenyewe: kuti la katikati likikatwa kila linapochomoza, mti hudhoofika. Wasusi wanaokata kwa zamu, na wanaopanda mikindu kando ya mashamba yao, wanastahili kulipwa bei inayotambua hilo. Mnunuzi anayelalamika kuwa mkeka wa ukindu ni ghali alinganishe na mfuko wa manyoya, kisha afikirie wiki zilizomo ndani ya pima za ukili wake.

Anayetaka kuagiza fumba na aanze kwa kuinua mkeka wa msusi juani: nuru ipenye sawasawa, isitokeze matundu hapa na giza pale. Aukunje pembe na kuuachia, aone kama unarudi bila kulia. Asugue rangi kwa kitambaa kilicholowa. Avute mshono kwa vidole viwili. Akiridhika, alale chini apimwe, na aongeze shibiri moja miguuni na moja kichwani. Amwambie fundi ni la dago au la uani, maana la dago huhitaji ukili mpana na mgumu, la uani huweza kuwa jembamba na laini. Alipe sehemu ya bei mapema, kwa kuwa ukindu hununuliwa kabla ya kusukwa, na asiweke siku ya kuja kulichukua mpaka msusi aitaje mwenyewe.