Utando au Kiwambo? Istilahi za Kuchuja Maji

Katika vitongoji vya Dar es Salaam kama Goba, ambako wakazi wengi wametegemea visima kwa miaka mingi, si ajabu kusikia maji yakisifiwa kuwa "yamechujwa". Neno ni zuri, lakini halitoshi. Kifumbu huzuia machicha na kupitisha tui; chumvi iliyokwisha kuyeyuka hupita pamoja na tui. Ndivyo lilivyo chujio la mchanga: huondoa tope, haliondoi chumvi ya kisima. Kuchemsha nako huua vijidudu, chumvi ikabaki. Basi mtumishi aandikaye zabuni ya "chujio" kwa zahanati yenye kisima cha chumvi aweza kuletewa chombo kizima kabisa, na wagonjwa wakaendelea kunywa maji yale yale. Kosa si la fundi, ni la neno.

Chumvi huondolewa kwa ngozi nyembamba mno. Kwa kawaida maji huvuka ngozi hiyo kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Hiyo ndiyo osmosisi. Shinikizo kubwa la pampu huyalazimisha kurudi, na chumvi ikaachwa nyuma. Istilahi "osmosisi kinyume" yaeleza kazi hiyo sawasawa, nasi twaiunga mkono.

Hatukubaliani, hata hivyo, na wafasiri waiitao ngozi hiyo "utando". Utando hutanda wenyewe, kama ule wa maziwa yaliyopoa. Kiwambo huwekwa kwa makusudi kutenga pande mbili. Tofauti hii si pambo. Mtambo ukitumika, uchafu na vijidudu hutanda juu ya kiwambo na kupunguza maji yapitayo. Huo ndio utando. Mwongozo ukiagiza "ondoa utando", je, fundi asafishe uchafu au ang'oe ngozi yenyewe? Twajua kuwa "utando" umezoeleka katika elimu ya viumbe. Na ubaki huko.

Hata "kiwambo" pekee hakitoshi. Kiwambo chenye vitundu vya mikroni 0.1 huzuia bakteria, lakini hupitisha chumvi. Kwa hiyo twapendekeza kazi itajwe daima: "kiwambo cha kuzuia bakteria", "kiwambo cha kuondoa chumvi". Walimu, wafasiri na watumishi wenye hoja tofauti tunawaomba watuandikie.