Uvira hadi Kinshasa: kilomita na saa zinavyohesabiwa

Kati ya Uvira na Kinshasa kuna kilomita zipatazo 1,540 kwa mstari ulionyooka. Kipimo hiki hakihitaji kompyuta. Uvira iko nyuzi 3.40 kusini na 29.14 mashariki, Kinshasa iko 4.32 kusini na 15.32 mashariki. Tofauti ni nyuzi 13.82 za longitudo na 0.92 za latitudo. Karibu na ikweta, kila nyuzi moja ni kama kilomita 111 pande zote mbili. Tukizidisha tunapata 1,534 na 102. Kanuni ya Pythagoras inatupa 1,537. Mbali na ikweta njia hii ingepotosha, maana huko mistari ya longitudo husogeleana. Hapa kwetu inatosha.

Muda nao hupatikana kwa kugawanya. Jeti ikienda kilomita 800 kwa saa, itatumia saa 1 na dakika 55. Ongeza nusu saa ya kupaa, kushuka na kujipanga kutua: karibu saa mbili na nusu. Kumbuka pia kwamba saa ya Uvira iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Atakayeondoka saa nne asubuhi kwa saa za mashariki atatua saa tano na nusu kwa saa za Kinshasa.

Hesabu ni sahihi, lakini inaanzia mahali ambapo jeti ya abiria haina uwanja wa kutua. Msafiri wa Uvira huenda kwanza Bujumbura, nchini Burundi, kwa kuvuka mpaka wa Kavimvira na Gatumba, au alikuwa akipanda kwenda uwanja wa ndege wa Kavumu, kaskazini mwa Bukavu. Mpaka ukifungwa, njia ya kwanza imekatika. Kavumu nako kulitekwa na waasi wa M23 Februari 2025.

Tazama Bukavu yenyewe. Kutoka Uvira kwa mstari ulionyooka ni kilomita 103 tu. Ndege ndogo ya kilomita 350 kwa saa ingezimaliza angani kwa dakika 18. Ila mstari huo unapita juu ya milima ya Mitumba. Gari hufuata uwanda wa Ruzizi hadi Luvungi na Kamanyola, kisha hupanda kona za Ngomo kuelekea Nyangezi. Ni zaidi ya kilomita 120, na mvua ikinyesha au vizuizi vikiongezeka, ni vigumu kuahidi saa ya kufika.

Kwa hiyo kilomita za angani zinafaa kukadiria mafuta na nauli ya ndege. Hazifai kupanga safari ya mgonjwa wala shehena ya dawa. Wanaopanga misaada ya Uvira waandike saa kuanzia mlangoni hadi mlangoni: barabara, mpaka, kusubiri, ndege. Mgonjwa anaishi ndani ya saa hizo.