"Muhtasari" au "Andiko la Awali"? Lugha ya Kuombea Fedha za Miradi ya Anga za Juu

Kiswahili kilitangulia kufika anga za juu kikiwa jina. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nayo ikaitwa Uhuru. Miaka mingi baadaye zikafuata setilaiti za Afrika Mashariki yenyewe: ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018, ya Rwanda mwaka 2019, ya Uganda mwaka 2022, na Taifa-1 ya Kenya mwezi Aprili 2023. Hapana shaka nyingine zitafuata. Lakini kabla chombo hakijarushwa, huandikwa karatasi ya kukiombea fedha, na ni katika karatasi hiyo ambamo lugha hupimwa.

Mashirika mengi yanayogharimia teknolojia hii hayamtaki mwombaji alete maelezo yote kwa mara moja. Shirika la Anga za Juu la Ulaya, kwa mfano, katika mpango wake wa mawasiliano ya setilaiti hupokea kwanza andiko fupi. Likiridhika nalo, humwalika mwombaji alete andiko kamili. Andiko fupi la namna hiyo laweza kuandikwa kwa Kiingereza likiwa linakwenda ng'ambo. Lakini kwa Tanzania, ambako makadirio ya matumizi ya Serikali husomwa na kujadiliwa Bungeni kwa Kiswahili, mradi unaotaka fedha za umma hauna budi kuelezwa kwa Kiswahili kabla haujapata hata senti moja. Kwa hiyo mtafsiri na mtumishi wa wizara hawaletwi kuipamba kazi iliyokwisha kufanyika. Wao ni sehemu ya kazi yenyewe.

Makala haya yanahakiki rasimu moja ya andiko la aina hiyo, yenye kurasa nne, iliyoletwa kwetu ili istilahi zake zikaguliwe. Watayarishaji wake hatutawataja, kwa kuwa shabaha yetu ni maneno wala si watu. Rasimu yenyewe si mbaya kuliko nyingine. Sarufi yake ni safi, na walioiandika wanaijua kazi yao. Hata hivyo, msomaji anayeifikia mwisho hawezi kusema ni kitu gani kitakachoundwa, wala ni fedha za nini zinazoombwa. Tunadai kwamba kosa hilo limeletwa na istilahi.

Tuanze na jina la andiko. Rasimu inajiita "Muhtasari wa Pendekezo la Mradi". Neno muhtasari lina maana inayoeleweka: ni maelezo mafupi ya jambo ambalo limekwisha kuelezwa kwa urefu. Mkutano hufanyika, ndipo muhtasari wake ukaandikwa. Basi aliyeambiwa alete muhtasari hutafuta kwanza kitu kirefu cha kufupisha, na hivyo ndivyo ilivyotokea hapa. Inaonekana kwamba watayarishaji walichukua taarifa ndefu ya kitaalamu wakaipunguza, na kama ilivyo kawaida ya kupunguza, yaliyobaki ni dibaji, historia na shukrani, huku tarakimu zikiachwa nje. Andiko tunalolizungumzia hutangulia, wala halifuati. Ni la kumwezesha anayegharimia aamue jambo moja: je, inafaa andiko kamili liandikwe? Kwa sababu hiyo twapendekeza liitwe "andiko la awali", na lile la baadaye liitwe "andiko kamili". Neno andiko la mradi limekwisha kuzoeleka maofisini, na sifa ya awali itamkumbusha mwandishi kwamba jengo bado halijajengwa.

Jambo la pili ni neno anga. Rasimu yasema, "Mradi huu unalenga kukuza teknolojia ya anga nchini." Mtumishi wa masijala akisoma sentensi hiyo atalipeleka jalada wapi? Tanzania inayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, nayo hushughulika na ndege na viwanja vyake. Nchini Kenya watu husema hali ya anga wakikusudia mvua na jua. Anga ya wanahewa ni hewa, na anga ya marubani ni njia. Wahandisi wa setilaiti wao wanakusudia mahali ambapo hewa imekwisha. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1967 kuhusu matumizi ya anga za juu haukuweka mpaka, ingawa wengi hutumia kilomita 100 kutoka usawa wa bahari. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu chenyewe huzunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Haifai basi neno moja libebe mizigo yote mitatu. Anga za juu ni istilahi iliyokwisha kuenea katika magazeti na redio, na yatosha. Tunachoomba ni kwamba itumike kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kwamba setilaiti isiwe satelaiti katika ukurasa unaofuata.

La tatu ni ufadhili. Neno hili limetokana na fadhila, na katika rasimu yetu fadhila imemshinda mwandishi: aya mbili nzima zinamsifu na kumshukuru mfadhili kwa ukarimu ambao bado hajauonyesha. Lakini fedha za teknolojia ya anga za juu aghalabu hutolewa kwa mkataba, na mkataba hutaka kitu kitolewe kwa tarehe iliyotajwa. Tena si kila msaada ni fedha. Mpango wa KiboCUBE, ambao Umoja wa Mataifa na Shirika la Anga za Juu la Japani waliuanzisha mwaka 2015, ni mfano mzuri. Chuo Kikuu cha Nairobi kilichaguliwa mwaka 2016 kikiwa cha kwanza, na setilaiti yake 1KUNS-PF ikaachiliwa kutoka chumba cha Kibo, katika Kituo cha Kimataifa, tarehe 11 Mei 2018. (Kibo hicho ni neno la Kijapani lenye maana ya tumaini, wala hakina udugu na kilele cha Kilimanjaro.) Mpango huo humpa mwombaji nafasi ya kurushiwa chombo chake, gharama za kukiunda hubaki juu yake mwenyewe na washirika wake. Mwandishi anayeita yote hayo ufadhili atakuwa ameficha shimo kubwa katika hesabu yake. Twashauri kugharimia litumike kwa fedha, ruzuku kwa fedha zisizorudishwa, nafasi ya kurushwa kwa huduma hiyo, na mchango wa mwombaji kwa kile anachotoa yeye.

La nne ndilo gumu zaidi. Wahandisi wanacho kipimo cha kuonyesha teknolojia imefika wapi, kilichoanza kutumiwa na Shirika la Anga za Juu la Marekani katika miaka ya 1970, na ambacho mwaka 2013 kilipata sanifu ya kimataifa. Kina madaraja 9. Katika daraja la 1 kanuni za kisayansi zimeonekana tu; katika la 4 sehemu za chombo zimefanya kazi maabara; katika la 6 mfano wa chombo umejaribiwa katika mazingira yanayofanana na ya huko juu; katika la 9 chombo kimekwisha kufanya kazi yake katika safari halisi. Rasimu imeyameza madaraja yote hayo kwa maneno "teknolojia hii imekwisha kukomaa". Ikiwa imekwisha kukomaa, fedha za kuikuza zaombwa za nini?

Wengi hutumia ukomavu kwa dhana hii. Sisi tungependa wasomaji wafikirie neno upevu. Mkulima wa maembe hutofautisha embe changa, embe pevu na embe bivu. Embe pevu halijawa tayari kuliwa, lakini laweza kuchumwa, nalo litaiva ghalani. Embe changa likichumwa husinyaa. Anayegharimia teknolojia huuliza swali la mkulima: je, kitu hiki kimefikia hali ya kuchumwa? Ukomavu humfanya msomaji afikirie mwisho wa safari, hali upevu huonyesha kwamba mwendo ungalipo. Tukisema "daraja la 4 la upevu", hata asiye mhandisi atauliza mara moja: na baada ya fedha hizi, litakuwa la ngapi?

La tano ni hatari. Katika ukurasa wa tatu imeandikwa, "Mradi huu hauna hatari yoyote." Bila shaka fomu iliuliza juu ya hatari, na mwandishi akadhani anaulizwa kama mradi utamwumiza mtu. Kilichoulizwa ni kihatarishi, yaani jambo linaloweza kutokea na ambalo likitokea litaharibu lengo, muda au gharama: kifaa kuchelewa kwa sababu ya kibali cha nchi kinakotoka, ruhusa ya masafa ya redio kutopatikana, roketi kuahirishwa. Miradi yote ya anga za juu inavyo vihatarishi, na asiyevitaja huonekana kwamba hakuvifikiria. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Neno athari libaki kwa yale yanayofuata baada ya jambo kutokea.

Wako watakaosema kwamba tunagawa nywele, na kwamba wataalamu wataelewana tu. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani walikipoteza chombo chao Mars Climate Orbiter kilipofika Mirihi, kwa kuwa kundi moja lilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya ratili, na jingine likazichukua kana kwamba ni za nyutoni. Wote walikuwa wahandisi, na wote walizungumza lugha moja. Seuze sisi, ambao andiko letu hupita kwa mhandisi, mtafsiri, mhasibu na mbunge!

Kuhakiki bila kuonyesha njia ni kazi nusu. Aya ya kwanza ya rasimu, ambayo sasa imejaa kukuza, kuboresha na kuimarisha, tungeiandika hivi:

"Mradi huu utaunda kamera ya kupigia picha ardhi, itakayotoshea katika setilaiti ya umbo la mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Kamera imekwisha kufanya kazi maabara, nayo iko katika daraja la 4 la upevu. Kwa muda wa miezi 18 itajaribiwa kwa mtikiso, na ndani ya ombwe kwa joto na baridi, hadi ifikie daraja la 6. Mazao ya mradi ni kamera mbili, michoro yake na taarifa ya majaribio. Fedha zinazoombwa ni za majaribio. Gharama za kuirusha hazimo. Kihatarishi kikubwa ni kuchelewa kwa lenzi, nasi tumepanga kuziagiza katika mwezi wa kwanza."

Msomaji atambue kwamba hatukuongeza habari hata moja. Yote hayo tuliyakuta ndani ya rasimu ile ile, yametawanyika katika majedwali na tanbihi, wakati kurasa za mbele zikiwa zimekaliwa na maneno yasiyodaiwa chochote. Watayarishaji walikuwa na mradi mzuri, na karatasi yao ilikuwa karibu kuuangusha.

Twaziweka basi istilahi hizi mbele ya wasomaji zijadiliwe: andiko la awali, andiko kamili, anga za juu, kugharimia, nafasi ya kurushwa, mchango wa mwombaji, daraja la upevu, zao la mradi na kihatarishi. Walimu wazijaribu darasani, na watafsiri wazijaribu katika maandiko halisi. Upevu hasa twataka lipingwe kwa hoja kabla halijasanifiwa. Wenye neno bora zaidi, hasa wale wa mwambao na wa mashamba ambao lugha ya matunda wanaijua kutushinda, watuandikie.